Mizani Chini ya Mwembe

Hotuba kwa wafugaji, wakata majani na wauzaji wa maziwa, Kisauni, Mombasa

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Nanyi vijana mlioacha mikokoteni yenu pale nje juani, ahsanteni kwa kufika. Najua kila dakika mnayokaa humu ndani mzigo wenu unapungua uzito, na huko kupungua ndiko hasa kulikonileta hapa.

Aliyenikaribisha amewaambia kwamba mimi ni mtaalamu wa nyasi, na nimewasikia pale nyuma mkicheka. Chekeni tu, nimezoea. Kwetu Mtongwe, nyanya yangu, Mungu amrehemu, alipoulizwa mjukuu wake anasomea nini, alikuwa akijibu "udaktari" kisha ananyamaza. Hakuona haja ya kueleza kuwa mgonjwa mwenyewe ni jani. Na ile methali ya fahali wawili wanaopigana zikaumia nyasi, mimi ndiye niliyeajiriwa miaka kumi na mitatu kuzihesabu hizo nyasi zilizoumia.

Iko methali nyingine, ya ng'ombe anayevunjika guu akakimbilia zizini. Shangazi yangu alinitupia hiyo siku niliyoshusha mabegi: kulikoni huko bara hata umerudi? Nikamwambia guu langu zima, shangazi. Lakini kweli kuna jambo lililonirudisha, na afadhali mlisikie kwangu kabla hamjaanza kuniita bibi shamba.

Kazi yangu huko ilikuwa hivi. Tunapanda aina sita au nane za malisho kwenye vipande vya shamba, kila kipande ukubwa wa chumba cha kulala. Zikifika wiki nane tunakata, tunapima uzito mbichi palepale, tunachukua kiasi kidogo, tunakikatakata na kukitia kwenye mfuko wa kaki ulioandikwa namba. Mfuko unaingia kwenye tanuri la nyuzi 65, unakaa siku mbili, pengine tatu, mpaka uzito ukome kushuka. Maji yote yameondoka. Kilichobaki ndicho chakula. Halafu tunakisaga, tunapima protini, tunajaza jedwali, na aina iliyoshinda tunaipeleka kwa wakulima.

Mwaka mmoja ikashinda aina ya nepia, ile nyasi ndefu ya malisho, iliyokuwa na namba tu, haijapata jina. Ilikuwa ndefu, ina majani mapana, inachipua haraka baada ya kukatwa. Tuliipenda sana. Tukagawa vipande vya shina kwa wakulima jirani, tukapiga picha, tukaondoka.

Msimu wa tatu nikarudi kwa mama mmoja kati ya wale. Nikaikuta nepia yetu imesimama kwenye ua, imepita urefu wa mtu, imekauka, haijaguswa. Yeye anapandisha kilima na mzigo wa nepia yake ya zamani aliyoikata kule mtoni. Nikamwuliza, mama, mbona unateseka na hii iko hapa mlangoni? Hakunijibu kwa maneno. Aliutua mzigo, akakunja mkono wa sweta, akanionyesha. Kuanzia kiwiko hadi kwapani, upande wa ndani ulio laini, mistari myekundu kama aliyeparurwa na paka. Na shingoni vilevile. "Jani lako linawasha," akasema, akashusha mkono wa sweta.

Lilikuwa na vinyweleo. Sisi hatukuvijua, maana vibarua wetu kituoni walikata wakiwa na ovaroli na glavu, na mzigo ukabebwa na trekta. Tulikuwa tumelipima jani lile kwa kila kipimo tulichokuwa nacho, isipokuwa shingo ya anayelibeba.

Sasa sikieni nilichoandika kwenye ripoti. Nakisema kwa sababu kinaniuma hadi leo. Niliandika: upokeaji wa wakulima ulikuwa mdogo, elimu zaidi inahitajika. Elimu zaidi! Kana kwamba ngozi yake ndiyo haikwenda shule.

Basi hilo ndilo guu langu lililovunjika. Kazi ya ugani, ya kuwafuata wakulima na wafugaji walipo na kuwashauri, ilipotangazwa huku nyumbani niliiomba. Wenzangu walishangaa, maana kwa wengi mtu hutoka ugani akapanda utafiti, hatoki utafiti akashuka ugani. Wengine walicheka waliposikia ni Mombasa. Mombasa kuna ng'ombe? Kule si pweza na meli tu?

Hesabu ya watu ya mwaka 2019 iliikuta kaunti hii na watu 1,208,333. Watoeni watoto wachanga, na wale wachache wanaokunywa chai ya rangi kwa amri ya daktari. Waliobaki wote wanataka chai ya maziwa asubuhi na tena alasiri. Maziwa mengi yanaingia kwa lori, hilo tunalijua. Lakini yapo yanayokamuliwa hapahapa, Mwakirunge, Mtopanga, Jomvu Kuu, Miritini, Shika Adabu, na huko kwetu Mtongwe. Ng'ombe wawili nyuma ya nyumba, watatu, mara chache sita. Na mbuzi hata sihesabu. Mbuzi wa Mji wa Kale wanalala barazani kama wenye nyumba.

Tena ng'ombe wa maziwa kufungiwa bandani si kwa kukosa ardhi peke yake. Pwani hii ina kupe, na kupe wanaleta ndigana kali. Ina mbung'o pia sehemu zenye vichaka. Mtamba wa kisasa ukimwachia atembee, huenda usimwone tena mwezi ujao. Kwa hiyo anakaa ndani, na chakula kinamfuata. Mahali pengine ng'ombe huenda kwenye majani. Kwetu majani ndiyo yanayosafiri, tena juu ya mkokoteni, juani, kupitia barabara ya Malindi katikati ya matatu.

Kwa hiyo wiki hizi tatu za kwanza sikumfundisha mtu chochote. Nimetembea na mizani ya ndoano begani na kamba, nikiomba ruhusa ya kupima mizigo. Wengine mlidhani mimi ni wa kodi. Kijana mmoja alinizungushia mkokoteni akakimbia nao, na kwa kweli sikumlaumu.

Naomba niwasimulie mzigo mmoja tu, maana kijana mwenye mzigo huo yuko hapa na ameniruhusu, ila jina nisilitaje. Ilikuwa saa mbili asubuhi, mvua ilinyesha usiku kucha. Amekata nepia changa, inafika gotini, ya kijani mpaka inang'aa. Ukiiona unasema hapa ng'ombe atafurahi. Tulifungua mzigo mafungu manne, tukaning'iniza fungu moja moja, maji yanatuchuruzikia viatuni. Jumla kilo 120. Anayenunua ana ng'ombe wawili, na amekuwa akinunua mzigo kama huo kila siku, na kila siku maziwa yanapungua. Ameshalaumu ng'ombe, amemlaumu daktari wa mifugo, amemlaumu hata jirani mwenye jicho baya.

Nilichukua kilo moja kutoka katikati ya mzigo, nikaikatakata kwa panga, nikaitandaza juu ya bati. Hapa sina tanuri, lakini bati la Kisauni mwezi wowote ni tanuri tosha. Nikawekea mawe isipeperushwe, nikaigeuza mchana, usiku nikaiingiza ndani isinyonye umande. Siku ya tatu ilikuwa inavunjika kama chapati kavu. Nikapima tena: gramu 150.

Fanyeni hesabu nami. Kilo moja imebaki gramu 150. Mzigo wa kilo 120 una kilo 18 za chakula. Zilizobaki, kilo 102, ni maji. Nyinyi mnanunua maji kwa mtungi wa lita 20, mnaijua bei yake kuliko mimi. Mzigo ule ulikuwa na mitungi mitano ya maji, na mwenye ng'ombe aliilipia kwa bei ya majani.

Ng'ombe wa kilo mia nne anayekamuliwa anahitaji kilo 11 au 12 za chakula kikavu kwa siku. Wawili ni kilo 22 mpaka 24. Amepata 18. Tumbo limejaa, maana tumbo halijui kutofautisha maji na majani. Ng'ombe amelala anacheua, mwenyewe anaona ameshiba. Kumbe ameshiba kama mtu aliyekunywa uji mwepesi.

Wiki iliyofuata kijana yuleyule akakata nepia ya shamba jingine, imefika kama mita moja, siku ya jua, saa nne umande umekwisha. Mkokoteni uleule, kilo zilezile 120. Kwenye bati ilibaki gramu 210 kwa kila kilo. Zidisheni: kilo 25 na zaidi kidogo. Ng'ombe wawili wameshiba na kimebaki cha ndama kugusagusa. Jasho ni lilelile, bei ni ileile.

Msinisikie vibaya, sisemi jani likomae mpaka liwe fito. Likipita kimo cha mtu, shina linakuwa gumu, protini inashuka, na ng'ombe anachagua majani juu juu, mashina anayatandika alale. Nimeona hori la bwana mmoja Jomvu, nusu ya alichonunua imekuwa godoro. Mita moja, au wiki sita mpaka nane tangu kukatwa mara ya mwisho, basi, hapo ndipo. Ukate, uache kisiki cha vidole vinne hivi, usichimbe mpaka mzizi kwa uchoyo. Halafu upitishe kwenye chafkata, ile mashine ya kukatakata majani. Na kama huna chafkata, panga na gogo vinatosha, japo mkono utalia.

Kuna jambo naogopa kulisema mbele ya wakata majani, lakini nitalisema. Msikate kandokando ya mitaro ya maji machafu. Najua ndiko kunakokuwa kijani hata kaskazi inapovuma, na najua kwa nini. Kinyesi cha binadamu mwenye tegu kina mayai ya tegu. Ng'ombe akila majani hayo, mayai yanageuka viluwiluwi ndani ya nyama yake, na mtu akila nyama hiyo haijaiva, mnyoo unarudi kwake. Mzunguko umekamilika, na wewe ndiye uliyeusukuma kwa mkokoteni.

Na nyinyi mnaosafiri bara, ombi moja. Msiturudishie vipande vya nepia kwenye buti la basi, hata mkipewa bure, hata viwe vinene vipi. Magharibi mwa Kenya kuna ugonjwa wa kudumaa kwa nepia. Jani linageuka njano, linakuwa dogo, shina linabaki fupi kama la mwanzi wa pambo, na baada ya kukatwa mara mbili tatu shina lote linakufa. Unaenezwa na mdudu mrukaji anayefyonza majani, lakini safari ndefu unaisafiri ndani ya kipande cha kupandia kilichobebwa na mtu mwenye nia njema. Nia njema imeshaharibu mashamba mengi. Yangu mimi mnaijua tayari.

Sasa mtaniuliza, bibi shamba, jani gani basi tupande? Mimi nami nilikuja na jibu mfukoni. Kuna nyasi iitwayo brakiaria. Asili yake hapa Afrika. Ilivuka bahari mpaka Amerika ya Kusini, Brazili wakaipanda mamilioni ya hekta, Kolombia wakaizalisha upya kwa kuchanganya aina, na sasa imerudi kwetu na majina mapya ya kigeni na mbegu ghali, kama mjomba aliyekaa sana Ughaibuni. Inavumilia ukame kuliko nepia, ni fupi, inakaushika vizuri, na ina majani mengi kuliko mashina. Naipenda. Lakini nikiwa nimesimama kwenye ua wa mama mmoja Mtopanga, ua ambao mkokoteni ukiingia haugeuki, nililirudisha jibu langu mfukoni. Ataipanda wapi? Kwenye paa?

Ana ua, ndicho alichonacho. Ua wake ulikuwa wa makuti yaliyooza na mabati mawili. Nikamwambia, mama, hapo ndipo shamba lako. Ua unaweza kuwa wa lukina, au wa glirisidia, mti ule wenye maua ya waridi mepesi unaochomekwa kama fito ukachipua. Majani ya lukina yana protini mara mbili na zaidi ya ile ya nepia. Hapo Mtwapa, ng'ambo ya daraja, watu wamefanyia utafiti malisho ya pwani na ng'ombe wa maziwa tangu miaka ya 1980, na miti hii ilikuwa mojawapo. Wazee waliokuwa wakifuga wakati huo watakumbuka mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilipovamiwa lukina na kidudu kidogo kama chawa kinachofyonza vichipukizi, watu wakakata tamaa wakang'oa. Kwa hiyo usiweke ua wote wa lukina. Changanya na glirisidia.

Ila kuna adabu zake. Lukina ina kemikali iitwayo mimosini, ukimpa ng'ombe au mbuzi lukina tupu kwa muda mrefu atadhoofika, na manyoya yatadondoka. Iwe chini ya theluthi ya chakula chake. Na glirisidia ina harufu, mwanzoni ng'ombe atainusa akugeuzie uso. Ikate jioni, iache inyauke usiku kucha, asubuhi umchanganyie kidogo kidogo na majani anayoyazoea. Baada ya wiki ataitafuta mwenyewe. Yule mama wa Mtopanga aliniuliza swali moja tu: inawasha? Sikucheka. Nilichukua tawi, nikajisugua nalo mkono mbele yake.

Nije kwenye kaskazi. Mimi nadhani matatizo yetu mengine yote ni madogo mbele ya hili. Mvua za mwaka zikishuka, Aprili mpaka Juni, majani yanaota hadi kwenye mifereji ya paa. Mwezi wa Mei mkata majani hapati wa kumwuzia. Vuli nayo, ikija, inatusukuma mpaka Disemba. Halafu Januari, Februari, Machi, jua na upepo, na mkokoteni unatoka Kisauni alfajiri kwenda kutafuta jani mbali huko na kurudi adhuhuri nusu yake mtupu. Hapo ndipo mfugaji anapouza ng'ombe kwa bei ya mbuzi. Kila mwaka. Tunajua kaskazi inakuja, tunalijua jina lake, mababu zetu walipanga safari za majahazi kwa upepo huo, na bado kila Februari inatukuta tumekaa kama waliotegwa.

Jani la Mei linaweza kuliwa Februari. Linavundikwa. Unalikata likiwa limefika mita moja, unaliacha linyauke nusu siku mpaka ukilikamata kiganjani na kulifinya halitoi maji, unalikatakata vipande vya urefu wa pingili moja ya kidole, unalinyunyizia molasi iliyozimuliwa kwa maji kidogo, kisha unalishindilia ndani ya pipa la plastiki. Neno kubwa hapo ni kushindilia. Watoto waingie ndani ya pipa warukeruke. Hewa ikibaki, litaoza. Hewa ikitoka, litachachuka kama ndimu ya kukausha na litakaa. Unafunika, unaweka jiwe, unasahau. Baada ya mwezi lina rangi ya kijani iliyofifia kuwa manjano na harufu ya siki tamu. Likiwa jeusi na linanuka samadi, tupa. Na umpe ng'ombe baada ya kukamua, usimpe kabla, maana maziwa hushika harufu haraka na mteja wako wa chai atakuuliza maswali.

Sitawadanganya kuhusu wingi. Pipa la lita 200 likishindiliwa vizuri linabeba kama kilo 100. Ukimpa ng'ombe mmoja kilo 20 kwa siku kama nyongeza, pipa moja ni siku tano. Februari yote inahitaji mapipa sita kwa ng'ombe mmoja. Ni mengi, na mapipa hayaokotwi. Kuna mifuko mirefu ya plastiki nzito ambayo ni rahisi zaidi, na huko bara niliitumia. Panya walitoboa tundu moja lisilopita kidole, na kwa tundu hilo nikapoteza mfuko mzima. Nikiwaangalia panya wa mji huu walivyonawiri, nasema pipa.

Tena hapa wakata majani ndio ninaowasemesha. Mei mnatupa majani. Kwa nini msiyavundike nyinyi wenyewe? Mfugaji hana nafasi, hana mkono wa kukata, ana ng'ombe tu. Nyinyi mna mikono na mnajua jani lilipo. Vijana watano wakiwa na chafkata moja na mapipa, wakauza Februari kwa kilo, kwa mizani, jani lenye chakula ndani yake, hiyo ni biashara. Sijaiona ikifanyika hapa. Ningependa kuiona.

Kuhusu soko la Kongowea nitapita haraka, ingawa najua ng'ombe wengi wa upande huu wanaishi kwa Kongowea. Majani ya kabeji na maganda ya mahindi mabichi, sawa, yakiwa ya siku hiyohiyo. Mashina ya migomba ni maji zaidi kuliko ile nepia ya gotini. Machicha ya nazi, ambayo kila nyumba ya Mswahili inatupa baada ya kukamua tui, ni chakula kizuri kwa kiasi kidogo, lakini yana mafuta na yanachacha upesi kwa joto letu. Ya asubuhi yaliwe asubuhi. Mifuko ya plastiki imepungua tangu marufuku ya Agosti 28, 2017, ila haijaisha. Ukitaka kujua iliko, mwulize mchinjaji amekuta nini tumboni.

Ila mahindi yenye ukungu, hapo simumunyi maneno. Watu wana tabia ya kusema haya hayaliki, mpe ng'ombe. Mwaka 2004 sumu kuvu kwenye mahindi iliua watu 125 nchini, wengi wao Ukambani. Ng'ombe akila mahindi hayo, sehemu ya sumu inapita kwenye maziwa. Unakuwa umeitoa mlangoni ikarudi dirishani, ndani ya kikombe cha mtoto.

Mtaniona mara ngapi? Nimeulizwa hilo na zaidi ya mtu mmoja, kwa sauti ya watu waliokwisha kuahidiwa mengi. Tangu 2013 kilimo na mifugo viko chini ya kaunti, na mimi ni mmoja, na zizi ni nyingi. Sitaweza kufika kwa kila mtu kila mwezi. Lakini sitawaita mkutanoni hotelini niwaonyeshe picha za ng'ombe wa Uholanzi. Nitakuja na mizani, na bati nitaazima kwenu. Mimi si daktari wa mifugo, homa na kupe mpelekeeni mwenyewe. Nikisema jambo lisilofaa kwenye ua wako, kunja mkono wa nguo unionyeshe.

Kabla hatujaanza, mzee mmoja aliyekaa hapo mbele, nisimtaje, aliniinamia akaninong'oneza: "Mwanangu, wewe mwenyewe umeshawahi kukata majani?" Nimekata, baba. Kwa mundu, na nina kovu kwenye kidole hiki, mtaliona baadaye. Lakini sijawahi kuyasukuma kwa mkokoteni kutoka Mwakirunge mpaka hapa kwenye jua la saa saba, kwa hiyo kijana mwenye mkokoteni wa rangi ya buluu amekubali kesho nimsindikize. Amenionya nivae viatu vya maana.

Sasa tutoke. Mizani nimeifunga kwenye tawi la mwembe, upande wa kivuli, na kuna mizigo mitatu pale nje. Kila mtu akisie kwanza kilo ngapi kabla haijaning'inizwa. Tuanze na ule wa mwisho, uliofungwa kwa kamba ya nailoni, maana mwenyewe amenitazama kwa wasiwasi tangu nianze kusema.